Kalamu Imeshaombwa

Tabuarorae, Onotoa
Jumapili, 3 Juni 2012

Toaua wangu, mume wangu (ngoja niliandike tena neno hili tamu: mume wangu),

Mauri! Leo ni siku ya tisa tangu ndege ikumeze. Nilisimama pale uwanjani mpaka mbwa wakarudi kulala katikati ya njia ya ndege, ndipo mama yako akanigusa kiwiko. "Imeshakwenda, mwanangu. Ndege hairudi kwa kutazamwa." Shati lako la bluu sijalifua. Nalala nalo usoni. Tarema, dada yako, ameliona na amewaambia wanawake wote kisimani, na sasa nikipita wananusa hewa kwa nguvu na kuangua kicheko. Wacheke tu! Wao waume zao wananuka mbata na moshi. Wangu ananuka wewe.

Zawadi yako ya harusi nimeigusa kila siku. Wenzangu wamepewa cherehani na vyungu, mimi nimepewa kishikwambi chenye chuo kizima ndani ya kadi ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho! Nilipokosa nafasi ya kwenda chuoni Suva kwa alama mbili, baba alisema shule imekwisha, nikasuke mikeka. Wewe ulisema haijaisha, imehama nyumba tu. Masomo arobaini ya sayansi ya maji, bure. Mtihani bure, tarehe 14 Novemba, pale kituo cha serikali. Nikishinda, miaka mitatu inayofuata nayo bure. Nikikosa siku hiyo, nafasi yangu anapewa mwingine wa kisiwa kingine na mlango wangu unafungwa. Nimeandika tarehe hiyo kwa mkaa kwenye nguzo ya upande ninaolala.

Sasa nikuambie jambo, usikasirike. Alhamisi nilikuwa kwenye somo la pili, kishikwambi nimekiegemeza kwenye nazi, mama yako akaja akasimama juu yangu.

"Akoia."

"Naam, mama."

"Hicho kitu kinachoongea. Nakiomba."

"Kwa siku ngapi, mama?"

"Nimesema nakiomba. Sikusema nakiazima."

Ningefanyaje, Toaua? Bubuti ni bubuti. Ombi la ndugu halina jibu la pili, na anayekataa huitwa bahili hadi wajukuu zake waitwe wajukuu wa bahili. Nikakitoa kwa mikono miwili na kutabasamu kama inavyotakiwa. Sasa kimo ndani ya sanduku lake la bati, na ufunguo unaning'inia shingoni mwake.

Na sitoki bomani peke yangu mpaka mwaka wa ndoa utimie. Kisimani na Tarema, kanisani na Tarema, hata kule pwani ninakokwenda kwa haja zangu, Tarema huyo nyuma yangu akiimba.

Lakini mimi ni mke wako! Nalala na neno hilo kama lilivyo.

Mkeo mpya kabisa,
Akoia

---

Betio, Tarawa
Jumapili, 24 Juni 2012

Akoia, ua la mkadi,

Barua yako imefika ikiwa na mchanga ndani. Nimeumwaga ule mchanga kwenye mto wangu wa kulalia. Rutiano, anayelala kitanda cha juu, anasema umeandika "mume" mara mbili kwenye mstari wa kwanza tu. Alihesabu kabla sijamnyang'anya. Sasa chumba kizima kinaniita Mume. "Mume, filimbi imelia!" "Mume, zamu yako ya choo!"

Chuo hiki cha mabaharia ni uzio na filimbi. Saa kumi na moja asubuhi tumeshapanga mstari. Tunajifunza kufunga kamba ambazo nilizifunga nikiwa na miaka sita, ila sasa zina majina ya Kiingereza. Miezi tisa ndani ya waya, isipokuwa saa chache za Jumapili, na nje nasikia watu wakinunua mkate.

Lakini mama! Mama yangu mimi, ambaye Kiingereza chake chote ni majina ya makopo ya nyama, anataka nini na sayansi ya maji? Sijawahi kumwona akitaka kitu cha mtu. Au ndiyo yale wasemayo, kwamba mwanamke akipata mkamwana hubadilika? Nimekaa na jambo hili kama jiwe ndani ya kiatu. Nisubiri. Usimwonyeshe uso mbaya.

Mume (mpaka na mimi nimezoea),
Toaua

---

Tabuarorae
Jumapili, 22 Julai 2012

Mume wangu mwenye masikio mazuri kuliko wanaume wote wa visiwa vya kusini,

Usicheke, ni kweli. Niliyatazama sana siku ile tulipokaa mbele ya watu ndani ya jumba la maneaba na mikeka ikapangwa miguuni petu. Wengine walikutazama kifua ulipokuwa unacheza. Mimi masikio.

Ngoja nikueleze mchana wangu ulivyo. Baada ya sala, mama hufungua sanduku, hutoa kishikwambi, hukiweka mapajani mwangu kama mtu anayekupa mtoto wa jirani umshike kidogo. Kisha husema, "Changu hicho. Nisomee."

Basi nasoma. Mkono mmoja nakunja majani ya mkadi kwa ajili ya paa la jiko, mkono mwingine nasukuma kurasa, na mdomo wangu unageuza Kiingereza kuwa lugha yetu. Somo ambalo ningelimaliza kwa saa moja linakula mchana wote, maana anauliza!

"Mwalimu anasema maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi huko chini ya kisiwa, mama. Kama mafuta juu ya mchuzi."

"Huyo mwalimu ana umri gani?"

"Anaonekana kijana, mama."

"Ana shimo la kulimia babai?"

"Sidhani, mama."

"Basi nani amemwambia?"

Tarema akacheka mpaka akaangusha sindano yake. Nikaendelea. Nikasema, ukichota kwa nguvu mahali pamoja, chumvi inapanda na haishuki upesi. Mama akanisogelea. Halafu: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena, taratibu, usiruke kama kaa." Mara tatu! Ndipo akasema hiyo ndiyo sababu bibi yake alikuwa na visima vitatu na hakuwaambia watu kwa nini. Halafu akafunga sanduku.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Nikitaka kulirudia somo peke yangu asubuhi, ufunguo uko shingoni. Nikitaka kwenda kupima chumvi ya kisima cha kijiji cha Aiaki, kama zoezi linavyosema, siruhusiwi. Nimepima kisima cha boma hili mara kumi na moja, nakijua kuliko ninavyoujua mgongo wako, na mgongo wako tulipata wiki tatu tu za kufahamiana!

Nakupenda mpaka chakula kinanishinda, na nimekwama, Toaua, kama samaki aliyebaki ndani ya mtego wa mawe maji yakikupwa. Bahari ninaiona. Iko pale pale, hatua mbili.

Laiti kishikwambi kingekuwa chetu tena, hata kwa miezi hii minne tu. Sisemi ufanye lolote. Nasema laiti.

Wako wa mchana, wa jioni na wa alfajiri,
Akoia

---

Betio
Jumapili, 12 Agosti 2012

Mama mpendwa,

Mimi mzima, nakula vizuri, magoti yangu hayana shida. Natumaini lako la kushoto limepoa.

Mama, tangu nizaliwe sijakuomba kitu kwa njia ya bubuti. Leo nakuomba. Kile kishikwambi kilichomo ndani ya sanduku lako, nakiomba. Mkabidhi Akoia kwa niaba yangu.

Usiniulize sababu, kama ambavyo hujawahi kumuuliza mtu.

Mwanao,
Toaua

---

Tabuarorae
Jumatano, 29 Agosti 2012

Shujaa wangu! Simba wangu wa baharini!

Naandika haraka, rubani ameshakunywa nazi yake na mzee wa uwanjani ananiangalia vibaya. Kimerudi! Jana mama alisoma barua yako, akaikunja mara nne, akafungua sanduku. Akakiweka mikononi mwangu na kusema, "Mwanangu ameniomba. Sasa ni chako. Kishike vizuri." Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayetoka na ngalawa bila kopo la kukumbia maji. Sikujali! Nilimkumbatia, akasimama wima kama mlingoti.

Nimefika somo la thelathini na moja. Yamebaki tisa. Nitayameza kwa wiki mbili, kisha nitarudia yote toka mwanzo, peke yangu, kwa kasi yangu, ndani ya chandarua chetu. Oo, Toaua, nikifumba macho naona mtihani na wewe mmesimama pamoja mnanisubiri!

Mkeo aliye huru,
Akoia

---

Betio
Jumapili, 9 Septemba 2012

Akoia wangu,

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya chumba kizima, pale pa "simba wa baharini" nikaparudia. Rutiano amesema simba wenyewe hawajui kuogelea. Wivu.

Unaona? Mwanamume akisimama, mambo husogea. Mama ni mwema ila anahitaji kuambiwa. Sasa niandikie umefika somo la ngapi, na useme kidogo kuhusu lile la kupitisha maji kwenye mchanga. Mwalimu wetu wa injini anapenda mambo hayo, nataka nimshangaze.

Simba,
Toaua

---

Tabuarorae
Jumapili, 30 Septemba 2012

Mume wangu mpenzi,

Wiki hii mvua imenyesha siku mbili mfululizo, tangi limejaa, na nguruwe mweusi tumbo linagusa chini. Kwaya ya wanawake imenipa sauti ya pili. Niliota umerudi umevaa sare nyeupe na viatu, ukavua viatu mlangoni, na ndani ya kila kiatu mlikuwa na samaki. Tarema anasema maana yake ni watoto wawili. Niliona haya mpaka nikaacha kula!

Masomo yanaendelea. Naamka mapema sana. La kupitisha maji kwenye mchanga ni refu, nitakueleza ukirudi, kwa mdomo ni rahisi zaidi kuliko kwa kalamu.

Je, pale chuoni kwenu wana vitabu vyovyote vya maji? Nauliza tu.

Ninakupenda. Ninakupenda. Nikiandika mara ya tatu mstari utajaa, kwa hiyo nakuachia nafasi uijaze wewe.

Akoia

---

Tabuarorae
Jumapili, 7 Oktoba 2012

Toaua,

Sisi wazima. Nguruwe mweusi amezaa sita, mmoja amekufa. Goti langu ni lile lile.

Uliniomba, nikatoa. Sasa nisikilize.

Kitu kilicho mikononi mwa mkamwana mpya huombwa na kila mtu, kwa kuwa ana wakwe wengi na hana uso wa kumwomba yeyote. Kitu kilicho ndani ya sanduku langu hakiombwi. Hakuna nyumba hapa ambayo sijaipa kitu, na kila mmoja anaogopa kwamba akiniomba leo, kesho nitamwomba mtumbwi. Kwa hiyo nilikiomba mapema, kabla ya wengine kukiona. Sikumwambia mkeo. Angeambiwa angemwambia Tarema, na Tarema ni mlango usio na komeo.

Siku ya tatu baada ya kumrudishia, Tarema huyo huyo akamwomba. Watoto wake walitaka kutazama picha. Akoia akampa. Tarema akaombwa na shemeji yake wa Aiaki. Wa Aiaki akaombwa na mwalimu wa kwaya wa Otowae. Sasa nasikia kipo Tanaeang, wanatazama watu wanaopigana ngumi, na ile kadi ya masomo imefutwa, wameweka nyimbo.

Nilimuuliza mkeo kwa nini hakuitoa kadi kwanza. Akasema angekuwa ametoa zawadi yenye tundu. Jibu lake lilinipendeza, ila sikumwambia.

Mbele yangu hakulia. Alilia kisimani. Tarema ndiye aliyeniambia, naye analia sasa, lakini kulia kwake hakurudishi kitu.

Masomo thelathini na moja alikuwa amenisomea. Ninayo. Mama yangu alinifundisha majina ya wazee wetu vizazi kumi na tisa nikiwa nakunja majani, kwa hiyo thelathini na moja si mengi. Tunaanza alfajiri. Mimi nasema kwa lugha yetu, yeye anarudisha kwa Kiingereza na kuandika kwenye magunia ya mchele. Nikikosea ananisahihisha. Akikosea namsahihisha. Anakasirika vizuri.

Tisa ya mwisho sina. Hayo ni kwa sababu yako.

Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mama

---

Betio
Jumapili, 21 Oktoba 2012

Akoia,

Leo sina utani. Najua kila kitu. Usiniulize nani amenieleza, ndege ina midomo mingi.

Ni mimi. Ulikuwa na ukuta, nikauvunja kwa mkono wangu mwenyewe halafu nikajiita simba. Nimelala juu ya mchanga wako siku hizi zote kama juu ya misumari. Na wewe ukaniandikia habari za nguruwe na ndoto za viatu ili nisijisikie vibaya! Ile barua nimeisoma upya sasa, na kila mstari una shimo nyuma yake.

Fungua furushi hili taratibu. Nilimwendea mwalimu wa injini, nikamweleza yote. Akasema kompyuta ya ofisi yenye mtandao, ambamo masomo hayo yanafunguka, haina kazi Jumapili kati ya saa nane na saa kumi, na yeye usingizi wake wa Jumapili ni mzito. Mashine ya kuchapa haina wino. Kwa hiyo tumenakili kwa mkono. Mimi, Rutiano na vijana wanne wa chumba chetu, Jumapili mbili, tukaacha kutoka nje ya uzio. Humo mna masomo saba, kuanzia la thelathini na mbili mpaka la thelathini na nane. Mwandiko mbaya kuliko yote ni wa Rutiano. Pale alipochora mwanamke karibu na mchoro wa bomba, mpuuze. Anakusalimu na anasema akioa atamtafuta anayejua bomba.

Mawili ya mwisho hatukuyafikia. Saa ziliisha, na barua hii lazima ipande ndege ya kesho kutwa. Nisamehe hayo mawili. Nisamehe na yale mengine.

Wengine wanawaandikia wake zao mashairi. Mimi nimekuandikia jinsi ya kuua vijidudu ndani ya tangi, kurasa kumi na nne. Ndiyo barua yangu ndefu ya mapenzi kuliko zote.

Mumeo,
Toaua

---

Tabuarorae
Alhamisi, 15 Novemba 2012

Toaua, mume wangu, roho ya roho yangu,

Imekwisha. Kaa chini nikueleze yote, toka alfajiri.

Furushi lako lilifika wiki tatu kabla ya mtihani. Nilibusu kila ukurasa, hata kurasa za Rutiano. Mama alinitazama nikibusu mchoro wa bomba, akasema, "Ukimaliza kulamba, nisomee." Tukasoma yote saba. Aliyashika kwa siku sita. Akabaki ananiuliza mimi maswali nikisukwa nywele, nikipara samaki, nikiwa nimejifunika kulala. "Tangi lina mjusi. Unaanza na nini?" Nikajibu kwenye giza. Upande wa pili Tarema akajibu pia, na akajibu sawasawa! Kumbe alikuwa anasikia miezi yote hii.

Jumatatu wakaja wanawake wa kamati ya kanisa. Jumatano kuna wageni, wananiomba nikapike. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, maana nitasema nini kingine? Mama hakuinua macho kwenye mkeka wake.

"Jumatano yake nimeshaiomba mimi."

"Una kazi gani nayo, Nei Bwereia?" wakamuuliza mama.

"Ya kwangu."

Wakaondoka. Na mimi, mjinga wako, nilikuwa nimekunja uso nikidhani anataka nimsaidie kuezeka jiko! Ndipo nilipoelewa, Toaua. Nikiwa nimekaa pale na magamba ya samaki mkononi. Nikarudi nyuma kichwani, Jumatano, kishikwambi, ufunguo, "Changu hicho, nisomee," hadi siku ile ya kwanza. Niliendelea kupara yule samaki mpaka akabaki hana ngozi.

Jana tulivuka kwenda kituo cha serikali maji yakiwa yamekupwa, yeye na mimi, maana peke yangu bado siruhusiwi na hakutaka Tarema aje kuongea. Goti lilimsumbua. Katikati ya mkondo maji yalitufika mapajani, akaniegemea uzito wake wote, nami nilikuwa nimeshika kalamu juu ya kichwa kama mshumaa. Akaitazama.

"Unayo moja tu?"

"Moja, mama."

"Naiomba."

Nikampa. Akaitazama, akanirudishia. "Niandikie nayo."

Chumba cha mtihani ni kile cha kuwekea karatasi za ushuru. Tulikuwa watatu, mimi, polisi mmoja, na muuguzi wa Temao mwenye mimba kubwa. Mama alitandika mkeka wake mlangoni, nje, akakaa. Msimamizi akamwambia angoje chini ya paa la ghala. Akasema hapo alipo pana upepo. Akakaa hapo hapo saa tatu nzima.

Nusu ya muda ikiwa imepita, namsikia karani wa ndege, yule binamu yenu mwenye sauti ya filimbi. "Nani ana kalamu humo? Akoia yumo? Mke wa ndugu yangu huyo, namwomba kalamu yake mara moja, karatasi za mizigo hazijasainiwa na rubani anapiga kelele." Unajua ningeitoa. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka wenyewe!

"Kalamu hiyo imeshaombwa," mama akasema.

"Na nani, bibi?"

"Na mimi."

"Mbona sioni ukiandika?"

"Naandika mtihani. Hebu ondoka kwenye mwanga wangu."

Polisi akacheka puani. Msimamizi akagonga meza. Mimi niliinamisha kichwa ili machozi yasidondoke kwenye swali la nne.

Maswali mengi nilisikia yakiingia kwa sauti yake. Palipoulizwa kijiji kikiweka pampu moja kubwa badala ya visima vingi kitatokea nini, nilimwandika bibi yake na visima vyake vitatu, na kwa nini. Kulikuwa na moja lililotoka kwenye yale masomo mawili ya mwisho. Niliandika nilichoweza, na si kikubwa. Na la saba, Toaua, la saba liliuliza wenyeji wanatumia nini kulinda udongo wa mashimo ya mazao chumvi inapopanda, utaje majani na namna. Ninayajua! Mwezi wa Agosti mama alinionyesha, akaniambia hayatoki nje ya nyumba hii. Alama kumi zilikuwa pale zinaniangalia. Niliandika, "Familia ya mume wangu wanayo njia, na inafaa," kisha nikaacha mistari mitupu.

Nilimwambia tukiwa njiani kurudi. Alisimama.

"Alama kumi?"

"Kumi, mama."

"Ukikosa kwa alama mbili tena?"

"Basi nimekosa, mama."

Hakusema asante, humjui? Aliniambia nimeshika mkono wake vibaya, nishike juu ya kiwiko. Tulipofika katikati ya maji, pale pale tuliposimama asubuhi, akauliza, "Ukishinda, inabaki miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ya bure?"

"Ya bure yote, mama."

"Cha bure ndicho huombwa na watu wengi." Akatazama kijiji chetu, moshi wa majiko, wanawake wa kamati wakikusanya vyombo, Tarema akitupungia kama tumetoka Marekani. "Basi nasema kabla hatujafika nchi kavu. Miaka hiyo mitatu, naiomba."

Nilitoa. Nilihisi kile kile cha mwezi wa Juni, mlango ukifungwa na komeo likiingia, na wakati huo huo nikamshika kiwiko kwa nguvu zaidi nisije nikamwangusha. Sikulala vizuri. Miaka yangu mitatu imo ndani ya sanduku la bati na mimi nimo pamoja nayo, na nje ya sanduku ni kijiji kizima kimenyoosha mikono. Sijui nikueleze vipi. Ukirudi utanishika mkono, utajua mwenyewe.

Majibu yatakuja Februari. Kishikwambi hakijarudi, nasikia kimevuka kwenda kisiwa kingine na bwana harusi mmoja. Magunia ya mchele yako salama, ameyafungia.

Naishia hapa, mpenzi wangu, si kwa kupenda. Amekaa mlangoni, ufunguo shingoni, ananyoosha kiganja. Anataka kalamu yake. Anasema nimeshaandika "mume" mara za kutosha.

Mume wangu. Mume wangu. Mume wan